Kamera ya kioo cha mbele: dalili, sababu, na pale ambapo kosa si lake

Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi ndio mwezi wa kamera. Jua linakaanga mabati, mvua ya kwanza bado inatuzungusha, na watu wanapita Kampemba, kwenye garaji ninapofanyia umeme wa magari, kamera ya kurekodi barabara wameishika mkononi kama kifaranga kilichozimia. "Yaya, imekufa hii." Naichomeka kwenye chaja pale mezani, inawaka, inalia ule mlio wake, inaanza kurekodi. Mwenyewe ananitazama kana kwamba nimeifanyia dawa.

Sijaifanyia kitu. Kamera hizi zinaishi kwa vitu vinne vilivyo nje yake: umeme wa gari, kadi ya kuhifadhia video, kioo, na joto la mahali. Kimoja kikiyumba, lawama inaangukia kamera. Tena kuna malalamiko ambayo hakuna fundi atakayeyatibu, kwa sababu mashine inafanya kile ilichoundwa kufanya na hakuna zaidi. Nafuata dalili jinsi zinavyonifikia, na nitasema wazi ipi ni ubovu na ipi ni tabia.

Inazima na kuwaka yenyewe njiani

Kabla ya kugusa waya nauliza: inazima lini? Jibu la swali hilo ni nusu ya kazi.

Ikizima gari linapopiga shimo au kupanda tuta, tazama tundu la kuwashia sigara. Tundu lile halikuundwa kushika plagi mwaka mzima. Katikati kuna pini ya springi, pembeni plagi inajishikilia kwa vibawa viwili vyembamba, na barabara zetu zinatikisa vyote. Magari mengi yanatufikia yakiwa yameshatumika miaka huko Japani, kwa hiyo tundu limekwisha kulegea, na vumbi letu jekundu linamalizia. Zungusha plagi kwa vidole injini ikiwaka. Taa yake ikipepesa, mgonjwa umempata. Zima gari, chomoa fyuzi ya tundu hilo kwanza, futa ndani kwa kitambaa kikavu, kisha panua vibawa vya plagi kidogo tu. Usiingize bisibisi huku fyuzi ikiwa mahali pake. Nimewaona waliofanya hivyo, na wenyewe hawarudii.

Ikizima pale unapopiga stata tu, halafu ikawaka tena, iache. Magari mengi yanakata umeme wa tundu hilo kwa sekunde chache ili nguvu yote iende kwenye stata. Hiyo ni tabia ya gari.

Ikizima ovyo bila mpangilio, nauliza waya ulitoka wapi. Mara nyingi ule wa asili ulikatika na mtu akaweka wa simu. Kamera inataka volti 5 na ampea 1.5 mpaka 2 bila kukatika, na waya mwembamba wa mita tatu unakula volti njiani: mwanzo 5, mwisho 4.5, na kamera inaona bora ilale. Ukiijaribu kwa waya mfupi mnene ikakaa macho saa nzima, usinunue kamera nyingine, nunua waya.

Wenye malori wana lao. Gari dogo ni volti 12, lori ni 24. Plagi iliyoandikwa 12V pekee ukiiweka kwenye lori la kwenda Kasumbalesa, inaweza kuungua kabla hujatoka mjini, na pengine ikaondoka na kamera. Soma maandishi madogo ubavuni, unatafuta 12-24V.

Asubuhi nzima, saa nane mchana imekufa

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu hii ndiyo dalili ya mji wetu.

Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani, dashibodi yake inapita digrii 60 bila shida, na kamera imebandikwa kwenye kioo chenyewe, pahali pabaya kuliko pote. Kamera nyingi zimeandikiwa mwisho wa digrii 60 au 70. Ukiingia ndani ya gari saa nane, ukawasha, na yenyewe ikianza kazi inajitia joto lake juu ya lile ililolikuta, itajizima ili ijiokoe. Ikishapoa inarudi. Kwa hiyo yule anayeileta garajini jioni anaiona inafufuka mikononi mwangu.

Ila kujizima ni afadhali. Kibaya ni kile kinachotokea ndani polepole. Kuna aina mbili za kamera: yenye batri ndogo ya lithiamu, na yenye kapasita kubwa badala ya batri. Lithiamu na joto haviko pamoja. Mwaka wa kwanza inavumilia, wa pili inaanza kuvimba, na uvimbe unasukuma skrini nje mpaka unaona mwanya pembeni, au kitufe kinabonyezwa hakirudi. Ukiona mgongo wa kamera umetuna, ichomoe na usiichaji tena hata mara moja, usiitoboe, na usiiache ndani ya gari. Fundi mwenye mkono mzuri anaweza kubadilisha batri. Kwa kamera ya bei ndogo, mimi huwa nasema isindikizeni.

Kapasita inavumilia joto vizuri zaidi, lakini haihifadhi umeme wa kutosha kufanya kazi peke yake. Inashika sekunde chache, za kufungia faili la mwisho basi. Ndiyo maana kuna lalamiko lingine linalonichekesha: "Fundi, batri yake haishiki hata dakika." Mzee, haina batri. Hiyo uliyoileta kama ugonjwa ndiyo sifa yake kubwa. Kwa jua la Katanga, ukiniwekea kamera mbili mezani, moja ya picha nzuri yenye lithiamu na nyingine ya picha ya kawaida yenye kapasita, nachukua ya pili na silali nikijuta.

Dawa ya hapo katikati ni ndogondogo. Ibandike nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, chini ya ile rangi ya giza ya juu kama gari linayo. Weka pazia la jua. Egesha chini ya mwembe, isipokuwa mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, maembe yanapoanza kudondoka juu ya boneti na unapata tatizo la aina nyingine.

Ajali ilitokea, faili halipo

Mteja mmoja aligongwa kwenye barabara ya Kipushi. Aliyemgonga alikana, askari wa rulaji, wale wa barabarani, wakaandika PV, ile ripoti yao ya ajali, ya pande mbili, naye akaniletea kadi akiwa na uhakika wa mtu mwenye shahidi. Faili la mwisho kwenye kadi lilikuwa la wiki tatu nyuma. Kamera ilikuwa inawaka, taa nyekundu inapepesa, picha inaonekana kwenye skrini. Kurekodi, hakuna.

Kisa chake ni hiki. Kamera inarekodi vipande vya dakika moja, tatu au tano, na kadi ikijaa inafuta cha zamani zaidi ili kuandika kipya. Ndani yake mna kihisi cha mtikisiko, kwenye menyu kimeandikwa G-sensor. Kikisikia pigo, kinafunga kile kipande kisifutwe. Wazo zuri kwenye lami laini. Huku kwetu kila shimo ni ajali, kila tuta ni ajali, ukifunga mlango kwa hasira nayo ni ajali. Vipande vilivyofungwa vinajikusanya mpaka kadi haina pa kuandika. Nyingine zinalia kuonya kwamba kadi imejaa, nyingine zinanyamaza.

Shusha kihisi hicho mpaka kiwango cha chini, au kizime kabisa, na ujifunze kitufe cha kufunga faili kwa mkono. Kila mwezi, nakili unachokitaka kisha formati kadi ndani ya kamera yenyewe. Usiiformati kwenye simu. Kadi za zaidi ya giga 32 zinatoka kiwandani na mpangilio wa exFAT, na kamera nyingine ndogo zinaelewa FAT32 tu. Ikijipangia yenyewe ugomvi unakwisha, mradi ukubwa wa kadi uwe ndani ya kile inachokubali.

Hesabu pia muda wako. Kamera ya 1080 inayoandika megabiti 15 kwa sekunde inakula giga 7 hivi kwa saa moja. Kadi ya 32 inajaa kwa muda usiofika saa tano. Kutoka hapa mpaka Kolwezi ni kilomita kama 300, na kwa malori yaliyopangana pale kwenye peaji, kituo cha kulipia barabara, na vilima vya Likasi, saa tano unazimaliza barabarani. Ukigongwa asubuhi ukaendelea na safari, jioni ushahidi wako umefutwa na picha za migongo ya malori. Baada ya ajali, zima kamera, toa kadi, itie mfukoni.

Halafu kuna kadi za uongo. Imeandikwa 256, simu inasoma 256, bei ni ya mkate. Ndani ni giga 8 iliyofundishwa kudanganya. Inapokea kila kitu, ila ukipita ukubwa wake wa kweli inaandika hewani. Dalili: majina ya faili yapo mengi, lakini yanayofunguka ni machache, mengine yanakataa au ni meusi. Kwenye kompyuta kuna programu ya bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Mac na Linux, inayojaza kadi yote kisha kuisoma tena. Inachukua muda, ila ikimaliza hakuna ubishi. Mimi sifungi kamera bila kupima kadi, hata mteja akinung'unika kwamba namchelewesha.

Hata kadi ya kweli inachoka. Kamera inaandika juu ya maandishi kila siku, na kadi ya kawaida ya simu haikuzoea maisha hayo. Tafuta iliyoandikwa High Endurance, yenye alama ya U3 au V30, maana yake inahakikisha kuandika megabaiti 30 kwa sekunde. Kurekodi kukikatika kila baada ya dakika chache na umeme ni mzima, mshuku kadi kabla ya kamera.

Saa inasema uongo

Tarehe inarudi mwaka wa zamani kila asubuhi: batri ya ndani imekufa, au kapasita haina nguvu tena ya kulinda saa. Yenye GPS inajirekebisha ikiona setilaiti.

Saa imepita mbele kwa 6 kamili: bado iko China, UTC+8, yaani saa nane mbele ya saa ya dunia. Saa imebaki nyuma kwa 1: mtu alichagua Kinshasa. Sisi wa mashariki ni UTC+2, Kinshasa ni UTC+1, na kamera haijui kwamba nchi hii ina majira mawili. Unaweza kuona ni jambo dogo mpaka siku PV inasema saa tisa na video yako inasema saa nane, na yule aliyekugonga ana mjomba anayejua sheria.

Usiku namba haisomeki

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na mara nyingi najibu kwamba kamera ni nzima.

Usiku mwanga ni mdogo, basi kamera inaacha jicho wazi muda mrefu zaidi kwa kila picha. Gari linalotembea linachoreka kama limepakwa mafuta. Juu ya hapo namba ya gari inang'aa kwa makusudi: taa zako zinaipiga, inarudisha mwanga wote, na kwenye video unaona kipande cheupe kama sahani. Kamera ya jicho pana la digrii 170 inazidisha, kwa sababu inasukuma kila kitu mbali. Gari lililo mita kumi mbele linakuwa dogo kama kiberiti. Upana huo unakusaidia kuona pikipiki iliyotokea ubavuni. Kusoma namba kunataka jicho jembamba zaidi. Huwezi kupata vyote kwa jicho moja.

Hata neno 4K lililochapwa kwenye boksi lisikutie wazimu. Picha ya 4K ya kweli ina nukta milioni 8.3. Ukikuta kwenye maelezo kwamba kihisi cha picha ni Sony IMX335, hicho kina milioni 5 tu. IMX307 kina 2. Kilichobaki kamera inakijaza kwa kukisia, kama mwanafunzi aliyekosa ukurasa. IMX307 si kihisi kibaya, tena usiku kinajitahidi. Ubaya ni kukiuza kwa jina la mwingine.

Yanayosaidia kweli ni haya. Futa kioo kwa ndani, kwa sababu mafuta na moshi vinajenga utando usiouona mchana. Punguza mwangaza kwenye menyu, EV, kwa nusu hatua au moja. Kama umeweka kichujio cha mng'ao, kile cha CPL, kivue usiku. Kinakula mwanga ambao huna. Na hili la bure kabisa: ukigongwa na mtu anakimbia, soma namba yake kwa sauti. Maikrofoni haijali giza.

Mchana picha ina ukungu

Umebandua ile nailoni ya kiwandani mbele ya lenzi? Nauliza kwa heshima zote, na wengi wanacheka kisha wanaibandua hapo hapo. Baada ya hapo tazama dashibodi. Iliyopakwa silikoni ya kung'arisha inarudi kwenye kioo na kuingia kwenye picha, na zile karatasi nyeupe za hati unazozilaza pale juu nazo zinakaa katikati ya barabara kwenye video yako. Ziondoe, ama zungusha CPL taratibu mpaka mng'ao upotee. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, vumbi la nje pia linatosha kuharibu kila kitu. Hilo ni kazi ya maji.

Gari halipigi asubuhi

Kamera imeungwa moja kwa moja ili ilinde gari usiku, na asubuhi batri imelala. Kamera inavuta kama ampea 0.3, kwa saa 12 ni ampea-saa 3.6. Batri nzima ya 60 haihisi kitu. Batri ya miaka minne, ya gari linalokwenda soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, na kurudi tu bila kuchaji vya kutosha, inahisi sana.

Pima asubuhi kabla ya kuwasha. Volti 12.6 ni batri iliyoshiba. Ukikuta 12.0, imebaki robo hivi. Kidude cha kuungia kina swichi ya kukata umeme, mara nyingi kwenye 11.6, 12.0 au 12.4, wengi wanaiacha 11.6 kwa tamaa ya kulindwa usiku kucha. Iweke juu. Kisha fuata waya tatu: wa umeme wa daima, wa ufunguo, na wa bodi. Wa ufunguo ukiungwa kwenye umeme wa daima, kamera haijui kwamba gari limezimwa na inarekodi kwa nguvu zote mpaka asubuhi. Wa daima na wa ufunguo zote mbili zikiwa kwenye ufunguo, ulinzi wa usiku haupo kabisa, hata menyu ikisema upo. Na unapoupitisha waya kwenye nguzo ya pembeni, upite nyuma ya mfuko wa hewa, usikatize mbele yake.

Madogo madogo

Redio inakwaruza kamera ikiwaka: chomoa kamera, acha plagi. Kelele ikibaki, plagi ndiyo mwizi. Badilisha, au vika waya kipete cha feraiti na uusogeze mbali na waya wa antena. Kamera ya nyuma nyeusi: sukuma jeki mpaka mwisho, mara nyingi imeingia nusu. Simu inakataa Wi-Fi ya kamera: haioni intaneti humo, inakimbilia data zake, zima data kwanza. Kamera inadondoka: safisha kioo kwa spiriti, tumia gundi ya kubandika, achana na kile kikombe cha kunyonya, joto litakishinda tu. Na ukifika kwenye bariera, kizuizi cha barabarani, au lango la mgodi, geuza lenzi kabla hujaulizwa.

Kila kitu kizima, lakini inakata

Mwezi wa saba, baridi ya asubuhi ile inayotuvika makoti, mwenye taksi-bisi moja aliniletea kamera inayokata kila siku mchana. Joto halikuwa sababu, mwezi wa saba hauna joto la kuua kamera. Kadi nilipima, nzima. Tundu limekaza, waya wa asili, volti 14.1 injini ikiwaka. Nikapanga faili kwa saa. Kila siku zilikoma kati ya saa sita na nusu na saa saba, zikaanza tena baada ya dakika arobaini, na GPS ikionyesha mahali pale pale, pembezoni mwa Katuba, gari limesimama. Faili la mwisho lilikuwa limefungwa vizuri, bila kuharibika, na mwishoni kabisa maikrofoni ilikuwa imeshika mlio wa plastiki: plagi ikichomolewa kwa mkono.

Mwenye gari alinilipa nifiche waya ndani ya paa. Siku mbili baadaye dereva wake alipita garajini peke yake, akaninunulia Fanta, akauliza waya umepitia wapi.